Sahani ya Bi Shemsa

Hodi, wenye masikio!

*Karibu na chako!*

Nina kipande cha maneno.

*Kikate tule!*

Kina chumvi.

*Ndivyo tunavyokitaka!*

Na atakayesinzia?

*Fungu lake tutamlia!*

Haya, sogeeni. Paliondokea mji mmoja, zamani za watu ambao leo hawapo hata wa kuulizwa. Nyumba zake zilipakana ukuta kwa ukuta. Mtu akipiga chafya chumbani kwake, jirani humwitikia "Afya!" kutoka chumbani kwake yeye. Mji huo ulikuwa na desturi nyingi, lakini mbili ndizo za kushika, maana hadithi yote imezikalia.

Ya kwanza: jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani tupu. Utatia chochote ulicho nacho, hata ndimu, hata kipande cha nazi, hata ua. Na yule anayerudishiwa hana ruhusa ya kukitupa alichokuta ndani. Cha kuliwa kitaliwa. Cha kupandwa kitapandwa.

Ya pili: bi harusi hatoki kwao bila kikuba cha asumini kifuani, na asumini hiyo iwe ya uani kwao. Si ya kuazima, si ya kununua. Asumini ya kwao isipochanua, bi harusi hungoja mpaka ichanue, na bwana harusi akichoka kungoja huenda zake.

Mmezishika?

*Tumezishika!*

Basi katika mji huo alikaa msichana, jina lake Raya. Wazazi wake walikwisha kufa, naye alikaa na shangazi yake, Kidawa. Raya alikuwa mtu wa wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma aone kama umefungika. Akichambua mchele, huchambua mara mbili, kisha humpa shangazi yake achambue, kisha huchambua alichochambua shangazi yake.

"Mtoto wewe," Shangazi Kidawa humwambia, "utaolewa ukiwa na mchele safi na kichwa cheupe."

Mama yake Raya alimwachia vitu viwili. Cha kwanza ni mkeka wa rangi, wa kutandikwa siku ya harusi, uliosukwa ukasukika hata ukiuinua mbele ya jua huoni nukta ya mwanga. Cha pili ni asumini iliyosimama pembeni mwa ukuta wa uani. Na asumini ile, jamani! Matumba yake yalichumwa baada ya alasiri, yakiwa yamefumba bado, yakatungwa kwa uzi, yakaenda kufumbukia kifuani mwa aliyeyavaa. Watu njiani husimama, wakasahau walikokuwa wakienda. Mabibi harusi wa mitaa mingine, wenye asumini zao, walikuja kuomba kidogo ya kuongezea kwenye koja.

Wakija, walipita mlangoni kwa Bi Shemsa.

Bi Shemsa alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Naye alikuwa na asumini, nzuri, ya kijani, yenye afya. Lakini hakuna aliyepata kumgongea mlango kwa ajili yake. Kila mwaka anasikia hodi, anainuka, anajifunga kanga vizuri, na hodi inapigwa mlango wa pili. Mtu akiinuka hivyo bure miaka na miaka, moyo wake unaanza kufanya kazi nyingine.

Sasa Raya akachumbiwa na Suwedi, fundi wa kuchimba visima. Watu walipatana vizuri, siku ikawekwa. Lakini Suwedi aliitwa na mji wa mbali, mji wenye kiu, na kazi ya visima haina mwisho unaojulikana. Mvua za masika zikikatika, ataondoka. Akiwa ameoa, ataondoka na mkewe. Akiwa hajaoa, ataondoka peke yake.

Kwa hiyo Raya alikuwa na asumini moja, na msimu mmoja. Kila asubuhi anatoka kuitazama. Jani moja likiwa na doa, hali chakula.

Siku moja alipika bokoboko, akatia kwenye sahani yake, akafunika kawa, akampelekea Bi Shemsa. Ndivyo majirani wanavyofanya. Kesho yake sahani ikarudi. Raya akafunua kawa. Akakuta tawi moja, urefu wa kidole, limeviringwa kitambaa kibichi. Majani yake yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Kichwani lina ua moja la zambarau, lenye mdomo wa manjano. Zuri! Siwafichi. Lilikuwa zuri hata Shangazi Kidawa aliacha chungu jikoni akaja kutazama.

Raya akaenda ukutani.

"Bi Shemsa, shikamoo."

"Marahaba, bi harusi wetu!"

"Tawi hili ni la nini?"

"La kupamba, mwanangu. Uani pa harusi hapakai hivi hivi kama pa wajane. Linaitwa Nipendeze."

"Linapandwaje?"

"Kwenye udongo wa wazi. Ukilitia chunguni unalinyima raha. Na ulipande karibu na asumini, yapokezane harufu."

Raya akachungulia upande wa pili. Nipendeze la Bi Shemsa mwenyewe lilikuwa kwenye kasiki, mtungi mkubwa wa udongo. Kasiki lilikuwa juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa katikati ya sakafu, mbali na udongo, na sakafu imefagiwa mpaka inang'aa, hata jani moja halikuanguka.

"Mbona la kwako limo kasikini?"

"La kwangu limezeeka. Na mzee hapendi kuhamishwa."

Jibu lile halikumwingia Raya. Lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki, si wa kumeza, si wa kutema. Lakini desturi ilikuwa desturi, na tawi limekuja kwa sahani. Akalipanda. Msimcheke. Ninyi nyote hapa mngelipanda.

*Tungelipanda!*

Basi Nipendeze likalala. Raya analimwagilia maji, limelala. Majani yanakunjamana kama limefiwa. Raya akaona afadhali, huenda litakufa lenyewe, na jirani hatakuwa na neno. Kisha ikanyesha mvua ya asubuhi, nyepesi, hata si ya kuanulia nguo. Jua lilipotoka, Nipendeze lilikuwa dirishani.

Toka siku ile halikutabirika tena. Wiki moja linatoa maua ya zambarau, wiki ya pili meupe, wiki ya tatu halitoi hata moja, linatambaa tu. Ukilitazama limetulia. Ukigeuka, limefika. Liliingia kwenye mtungi wa maji. Likaingia mkono mmoja wa gauni la Shangazi Kidawa lililoanikwa, likatokea mkono wa pili, gauni likasimama uani kama mtu. Kuku aliyekuwa ameatamia aliamka amefungwa miguu.

"Raya!" Shangazi akaita. "Njoo umfungue kuku wako, na ulifungue gauni langu, na uangalie kama mimi mwenyewe sijafungwa!"

Lakini Raya alikuwa akitazama kitu kimoja tu. Nipendeze lilikuwa limezunguka shina la asumini, duara moja.

Akaenda ukutani. "Bi Shemsa, lile ua limeanza kunisumbua. Nilifanye nini?"

"Likate, mwanangu. Vipande vidogo vidogo."

Raya akachukua mundu akalikata, vipande vidogo vidogo. Alipokuwa akikata akasikia uimbaji, mwembamba, chini karibu na udongo:

*Raya wee Raya nikate,*
*ukinikata nazaa;*
*nitupe, Raya, nitupe,*
*nilipotupwa nakaa.*

Siku chache zikapita, kila kipande kikawa tawi. Palipokuwa na Nipendeze moja, sasa ni shamba zima. Asumini ikazungukwa mpaka kiunoni.

Akaenda ukutani mara ya pili. "Bi Shemsa, nimelikata, limezidi."

"Kukata peke yake hakutoshi. Ling'oe, ulitupe jaani."

Raya akashika jembe, akang'oa, akajaza pakacha kwa pakacha, akatupa jaani nyuma ya ukuta. Na kutoka ndani ya mapakacha:

*Raya wee Raya nikate,*
*ukinikata nazaa;*
*nitupe, Raya, nitupe,*
*nilipotupwa nakaa.*

Mvua ikanyesha jaani. Nipendeze likapanda ukuta kwa nje, likashuka kwa ndani, likaikuta mizizi yake ya zamani iliyobaki chini, vikasalimiana. Asumini ikazungukwa mpaka shingoni. Majani yakageuka manjano. Matumba ya kwanza, ambayo Raya alikuwa akiyalinda kama mboni za macho, yakaanguka yakiwa hayajafumbuka.

Akaenda ukutani mara ya tatu. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Bi Shemsa, tafadhali."

"Lichome moto, mwanangu. Kwa moto, limekwisha."

Raya akachoma. Nipendeze lina maji mengi ndani, halikushika moto, lilitoa moshi tu na kuimba ndani ya moshi. Kilichoshika moto ni asumini. Upande mmoja wote ukababuka. Raya akakimbia na ndoo, akazima, akakaa chini palepale kwenye tope.

Chumvi ipo?

*Ipo!*

Basi tumsikilize Bi Shemsa anavyotoa pole. Siku ile ile alileta sahani yake mwenyewe, nyeupe, iliyochorwa samaki wa buluu katikati. Ndani vitumbua.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Lakini mimi ningekuwa wewe, ningeiahirisha harusi. Suwedi aende. Wanaume wakienda huwa wanarudi."

"Wote?" akauliza Shangazi Kidawa.

"Baadhi yao," akasema Bi Shemsa, akaenda zake.

Shangazi akala vitumbua, maana Raya hakuweza kula. Raya akaosha sahani. Akaiosha mara mbili, kama kawaida yake, na alipokuwa akimsugua yule samaki wa buluu, ule mwiba uliomkaa rohoni siku nyingi ukageuka. Akawaza hivi. Kasiki lipo juu ya jiwe. Jiwe lipo juu ya sakafu. Sakafu inafagiwa. Mtu anayelifuga ua hivyo anajua tabia yake. Akijua tabia yake, huenda anajua na dawa yake. Nimemwuliza mara tatu, na mara tatu amenidanganya. Simwulizi tena. Nitamwacha anionyeshe.

Akaifuta sahani ikakauka.

Siku ya pili wanawake wa mtaa walikusanyika uani kwa Bi Shemsa kusuka ukili wa mikeka, kama walivyozoea. Walikuwa wanasuka na kusengenya, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Raya akabisha hodi, sahani mkononi, kawa juu.

"Nimekurudishia sahani yako, Bi Shemsa."

"Ahsante, mwanangu. Iweke ndani."

"Hebu tuone kwanza!" akasema Bi Mashavu. Huyo Bi Mashavu alikuwa mwanamke asiyeweza kuona kitu kimefunikwa akakiacha kimefunikwa. Akafunua kawa. Ndani palikuwa na matawi matatu ya Nipendeze, yameviringwa kitambaa kibichi, na maua yake ya zambarau.

"Lo! Hiki ni kitu cha kifalme!"

Bi Shemsa akatabasamu kwa meno peke yake. "Zuri kweli. Nitalitia kasikini."

"Kasikini?" akasema Raya. "Bi Shemsa, si uliniambia chungu hulinyima raha?"

"Ulimwambia hivyo, shoga?" akauliza Bi Mashavu.

Bi Shemsa akatazama wanawake. Wanawake wakamtazama yeye. Ukili ukasimama.

"Nilimwambia."

"Na lipandwe karibu na asumini," akaongeza Raya taratibu, "yapokezane harufu. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Basi lipande tulione!" wakasema wanawake. "Limekuja kwa sahani hilo! Au wewe unataka kulitupa?"

"Nani kasema nataka kulitupa?"

"Basi inuka, bibi. Udongo uko pale."

Bi Shemsa akainuka. Akachimba kwa ncha za vidole, kama mtu anayezika kitu kisichomhusu. Akapanda tawi la kwanza, akapanda la pili, akapanda la tatu. Na ninyi mnalijua ua lile. Likigusa udongo uliolowa mvua halina subira.

Raya akashukuru, akaaga, akaenda kwao, akasimama nyuma ya ukuta palipobanduka chokaa. Hapo pana tundu la kutosha jicho moja.

Mara ya kwanza alipochungulia, alimwona Bi Shemsa amechuchumaa mbele ya asumini yake. Nipendeze lilikuwa limekwisha kuzunguka shina. Bi Shemsa hakuwa na mundu. Hakuwa na jembe. Alikuwa na vidole vyake tu, akilifumua ua polepole, pindo kwa pindo, kama mtu anavyomfumua mtoto nywele asimlize. Hakulivunja hata fundo moja. Mizizi yake aliiacha ndani ya udongo, na urefu wote aliulaza chini.

Mara ya pili alipochungulia, alikuta jamvi limetandikwa pale pale, juani, mahali ambapo hakai mtu. Mawe yamewekwa pembeni pote.

Mara ya tatu alimkuta Bi Shemsa mwenyewe amekaa katikati ya jamvi, jua la utosi, kikombe cha kahawa mkononi, jasho linamtiririka.

Raya akatokeza kichwa juu ya ukuta. "Bi Shemsa, mbona umekaa juani?"

"Napasha mifupa."

"Na jasho lote hilo?"

"Mifupa ya uzee ikipata joto hutoa jasho. Wewe bado mdogo."

"Na lile ua letu linaendeleaje?"

"Limelala," akasema Bi Shemsa, akajisogeza, na alipojisogeza pembe ya jamvi ikainuka kidogo. Raya akaona ncha ya Nipendeze. Haikuwa ya kijani. Ilikuwa nyeupe, laini, kama tambi.

Raya akashuka ukutani. Sasa alijua. Halikatwi, halitupwi, halichomwi. Linafumuliwa lisivunjike, linalazwa, linanyimwa jua. Ule uwezo wote wa kutambaa ni jua linalolipa.

Yeye na shangazi yake wakafumua kutwa nzima. Raya alifumua, kisha akarudia alipofumua. Shangazi Kidawa alifumua na kulalamika.

"Nilisema nitazeeka nikibembeleza vitukuu. Sikusema nitazeeka nikifumua nywele za magugu."

Walipomaliza, asumini ilisimama uchi, nyembamba, nusu imebabuka, ikapepea. Chini yake Nipendeze limelala uani kote. Raya akaleta jamvi la barazani, akafunika. Jamvi lilikuwa na tundu dogo la panya. Kabla ya magharibi, ncha ya kijani ilikuwa imelipata tundu lile. Akaleta magunia. Magunia yana nafasi kati ya nyuzi zake, nalo lilikuwa halihitaji zaidi. Raya akasimama akifikiri. Kisha akaingia ndani.

Alitoka na mkeka wa mama yake.

"La!" akasema Shangazi Kidawa. "Raya, la! Mama yako aliusuka mkeka huo mpaka mgongo ukapinda. Ni wa siku ya harusi yako."

"Na kikuba ni cha siku ya harusi yangu."

"Utaoza kwenye udongo."

"Utaoza."

"Na mimi nitamwambia nini mama yako, nikikutana naye huko?"

"Mwambie haukupitisha hata nukta ya mwanga."

Shangazi akageuka, akajifuta kwa upindo wa kanga. Raya akautandika mkeka, rangi zote zikatazama chini. Akaweka mawe. Akakaa juu.

Mnamwona alivyokaa?

*Tunamwona!*

Chini yake uimbaji ukaanza. Lakini ulikuwa umebadilika. Si sauti ya kumcheka tena, ni sauti ya mtu aliyebanwa:

*Raya wee Raya nikate…*

Likanyamaza. Likaanza tena.

*Raya wee… nikate… nikate…*

Mundu ulikuwa karibu na mkono wake. Raya aliutazama. Mtu wa wasiwasi akiombwa kitu mara nyingi, hujiuliza kama hakosei yeye. Aliunyoosha mkono. Kisha akakumbuka kwamba tangu mwanzo ua lile lilikuwa likimwomba jambo moja tu, likatwe, litupwe, na kila alipolifanyia lilichoomba, yeye ndiye aliyepungukiwa. Akaurudisha mkono mapajani. Siku nyingi alikaa hivyo, akitoka yeye anakaa shangazi yake, akitoka shangazi yake anakaa yeye. Uimbaji ukawa mnong'ono. Mnong'ono ukawa pumzi. Kisha kukawa kimya, na mkeka ukalainika, ukaanza kunuka udongo.

Wakafunua pembe moja. Chini hapakuwa na kitu ila nyuzi nyeupe, ukizigusa zinakuwa maji.

Masika yalikuwa yanakwisha. Suwedi alikwisha kunoa sululu zake na kufunga mzigo. Asumini, upande ule usiobabuka, ilitoa jani. Ikatoa la pili. Raya hakuyagusa, aliyatazama tu kwa mbali, asije akayatisha. Kisha ikatoa matumba. Si mengi. Wala hayakutosha kufanya koja la shingoni, wala pete za nywele. Siku ya harusi, baada ya alasiri, Raya aliyachuma moja moja akayatunga kwa uzi pamoja na rihani kidogo. Kikatoka kikuba kimoja, kidogo, cha kutosha kubandikwa kifuani.

Wazee wa bwana harusi wakaja. Shangazi yake Suwedi, mwanamke mrefu wa kukagua mambo, akainama mbele ya Raya.

"Hiki ni cha asumini ya hapa?"

"Ya hapa."

"Kidogo."

"Kidogo, lakini changu."

Mwanamke yule akavuta pumzi kukinusa. Akasimama pale. Akasahau alichotaka kusema. Wakamwita mara mbili ndipo akakumbuka kwamba amekuja harusini.

Raya akatoka kwao na kikuba chake. Hakukuwa na mkeka wa rangi wa kutandika. Palitandikwa jamvi lenye tundu la panya. Suwedi akalitazama akasema, "Mimi hulala chini ya visima. Hili kwangu ni godoro."

Lakini bado sijamaliza. Siku ile ya harusi kila jirani alileta sahani, maana jirani asiyeleta husemwa. Bi Shemsa naye alileta. Ile ile, nyeupe, yenye samaki wa buluu, ndani vileja. Aliikabidhi kwa mkono wa kulia, haraka, akaondoka bila kunywa hata sharubati.

Kesho yake Raya akafungasha safari. Alipokuwa akiaga, akaiweka sahani ya Bi Shemsa juu ya rafu, ikiwa safi, imeoshwa mara mbili.

"Shangazi, hiyo usiirudishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate cha kutia."

Akaondoka na mumewe kwenda mji wenye kiu.

Basi Bi Shemsa hakupata raha tena. Kila msafiri aingiapo mjini, anamkimbilia: Raya hakukupa mzigo wangu? Hakunipa. Anashukuru Mungu, kisha anakwenda kukagua udongo wa uani kwake, pembe kwa pembe. Kila hodi ikipigwa, anainuka. Na sasa hodi zinapigwa kwake kweli, maana asumini ya jirani imebaki nusu na mabibi harusi wa mitaa mingine wameanza kuja kuomba kwake. Lakini yeye, kabla ya kufungua mlango, anauliza kwanza kwa sauti, "Una sahani?"

Mwisho akashindwa. Akaja ukutani alasiri moja.

"Kidawa, jirani yangu. Sahani yangu."

"Ipo, Bi Shemsa. Safi kabisa."

"Nirudishie."

"Raya hajapata cha kutia."

"Irudishe tupu."

"Nini?"

"Tupu, Kidawa! Nakuomba kwa jina la mama yako, nirudishie tupu!"

Shangazi Kidawa akashika mdomo kwa mshangao. Akatazama huku na huku, kama kuna wanaosikia.

"Tupu? Jirani! Unataka watu watuseme?"

Kipande changu kimekwisha.

*Tumekila!*

Chumvi ilikuwepo?

*Ilikuwepo!*

Na sahani yangu?

*Kaa nayo, kaa nayo!*